Laini moja, kwenye simu inakimbia, kwenye MiFi inatambaa. Kosa ni la kifaa au la mtandao?

#1 Pasiwaya
Wakuu, habari za muda huu.

Kazi zangu zote ziko kwenye laptopu na mara nyingi sina sehemu moja ya kukaa. Nilikuwa natumia hotspoti ya simu, nikachoka. Simu inachemka, chaji haifiki saa saba mchana, na mtu akinipigia tu intaneti inakata katikati ya kikao. Nikaona nijitafutie MiFi ya 4G, ruta ndogo ya mfukoni yenye betri inayotumia laini kutoa Wi-Fi, nikahamishia humo laini ileile.

Sasa hapa ndipo akili inapogoma. Laini ikiwa kwenye simu napima 60 hadi 70 Mbps (megabiti kwa sekunde). Naitoa, naiweka kwenye MiFi, meza ileile, kiti kilekile, napata 15, ikijitahidi sana 20. Na kioo cha MiFi kinaonyesha mistari yote ya mawimbi imejaa!

Maswali mawili. Kwanza, hii inasababishwa na nini? Pili, mtu wa kuhamahama kama mimi anafaa kuwa na MiFi, modemu ya kuchomeka USB, au nirudi kwa simu yangu na joto lake? Karibuni.

#2 Kimbunga
Umepigwa mkuu. MiFi zote takataka, hotspoti inatosha. Uzi ufungwe.

#3 Mzee wa Antena
Kimbunga tulia, mtu kauliza swali la maana.

Pasiwaya, angalia kwenye boksi imeandikwa LTE Cat ngapi, yaani daraja la kasi ya 4G. MiFi nyingi za bei ya chini ni Cat 4, yaani mwisho wake kinadharia ni 150 Mbps kushusha na 50 kupandisha, na inashika bendi (fungu la masafa ya redio) moja tu kwa wakati. Simu nyingi za daraja la kati za miaka ya karibuni zinaunganisha bendi mbili au tatu kwa pamoja. Kuanzia Cat 6 ndipo kuunganisha bendi kunapoanza, na hiyo inafika 300 Mbps kwenye makaratasi. Kwa hiyo simu yako inachota sehemu tatu, MiFi inachota sehemu moja. Hakuna uchawi.

#4 Binti Mawimbi
Mzee wa Antena, hapo kuna shimo. Cat 4 ni 150. Yeye anapata 15. Ukomo wa 150 haumzuii mtu kupata 60, kwa hiyo Cat peke yake haijajibu swali.

Mimi naanza upande wa pili, kati ya MiFi na laptopu. MiFi za bei ya chini nyingi zinatoa Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee, antena moja, kiwango cha Wi-Fi cha 802.11n. Hapo muunganiko ukiwa safi kabisa unaandika 72 Mbps, na kinachofika kweli ni kama nusu yake. Ukikaa sehemu yenye Wi-Fi za majirani kumi na kitu, zote zimejazana kwenye 2.4, hiyo nusu nayo inaliwa. Kwenye 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Simu ulipimia yenyewe, si kupitia hotspoti, sivyo? Basi kipimo chako cha simu hakikupita Wi-Fi hata kidogo. Umelinganisha vitu viwili tofauti.

#5 Chaji Kamili
Dada Binti Mawimbi kaua. Nakaa hapa mbele.

#6 Mzee wa Antena
Binti, sijasema 150 ndiyo inayomzuia. Soma tena. Nimesema bendi MOJA. Mnara una bendi kadhaa, kwa mfano 800, 1800 na 2600 MHz. Kifaa cha bendi moja mara nyingi kinang'ang'ania masafa ya chini, 800 au 700, kwa sababu ndiyo yanayosikika kwa nguvu na kupenya kuta. Ndiyo maana mistari imejaa! Lakini huko ndiko kila mtu yuko, na upana wa bendi huwa mdogo, 10 MHz tu mara nyingi. Simu nayo inashika hiyohiyo 800 halafu inaongezea 1800 na 2600. Mistari inapima nguvu ya sauti ya mnara, haipimi foleni.

#7 Fundi Kebo
Mnabishana bure, kuna jaribio la dakika tano. Chomeka MiFi kwenye laptopu kwa waya wa USB, zima Wi-Fi ya laptopu, pima. MiFi nyingi zinakubali kupitisha data kwenye waya. Angalia tu waya wenyewe usiwe ule wa kuchajia pekee, ipo mingi isiyo na nyuzi za data. Kasi ikipanda mpaka 60, Binti kashinda. Ikibaki 15, Mzee kashinda.

Na ukishafika hapo ingia ukurasa wa mipangilio wa kifaa. Za Huawei nyingi ni 192.168.8.1, za ZTE nyingi ni 192.168.0.1, au soma karatasi iliyobandikwa chini ya betri. Tafuta RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (mawimbi yakilinganishwa na kelele), utuwekee hapa. RSRP ya -80 dBm kuja juu ni safi, ikishuka chini ya -110 unahangaika. SINR juu ya 20 ni raha, ikikaribia 0 ujue kelele zinalingana na mawimbi.

#8 Kimbunga
Sasa tumefika kwenye darasa la fizikia. Mtu alitaka kufungua barua pepe tu.

#9 Pasiwaya
Nimerudi na majibu. Asante Fundi Kebo.

Kwa Wi-Fi: 16. Kwa waya: 28. RSRP -84, SINR 6. Boksi limeandikwa Cat 4. Wi-Fi ni 2.4 pekee, hakuna sehemu ya kuchagua 5 GHz.

Kwa hiyo nani kashinda?

#10 Binti Mawimbi
Kutoka 16 hadi 28 kwa kutoa Wi-Fi tu. Karibu nusu ya kasi ilikuwa inapotelea kwenye chumba chako mwenyewe. Sisemi zaidi.

#11 Mzee wa Antena
Na kutoka 28 hadi 65 nani anaeleza? RSRP nzuri, SINR mbovu. Ndicho nilichosema, nguvu ipo ila pamejaa.

#12 Mtoa Hoja
Naomba niongeze hoja ambayo wengi hawapendi kuisikia. Kampuni ya simu inajua laini iko kwenye kifaa gani. IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, ina tarakimu 15, na nane za kwanza zinataja aina ya kifaa. Kwa hiyo mtandao unaona kabisa "hii ni simu" au "hii ni ruta". Vifurushi vingine vimeandikwa ndani kabisa, kwa maandishi madogo, kuwa ni vya matumizi ya simu, na ukigawia vifaa vingine wana haki ya kukupunguza. Pasiwaya, soma masharti ya kifurushi chako. Pia linganisha APN (jina la lango la kuingilia intaneti) iliyo kwenye simu na iliyo kwenye MiFi. MiFi mara nyingi inajiwekea APN yake kutoka kiwandani.

#13 Kimbunga
Haya, njama zimeanza.

#14 Chaji Kamili
@Mtoa Hoja mbona mimi nimebadili IMEI ya... ah basi, ngoja ninyamaze.

#15 Fundi Kebo
Chaji Kamili nyamaza kweli. Nchi nyingi kubadili IMEI ni kosa la jinai, usiwafundishe watoto.

Mtoa Hoja si njama, ila njia inayotumika sana kugundua ugawaji ni TTL (hesabu ya hatua ambazo pakiti ya data imebakiza) wala si IMEI. Pakiti ikitoka kwenye simu yenyewe inaanza na 64. Ikitoka kwenye kifaa kilichopitia hotspoti, simu inapunguza moja, mtandao unaona 63. Windows yenyewe inaanza na 128, kwa hiyo kupitia hotspoti inaonekana 127. Mtandao ukitaka kujua, unajua. Lakini hilo lingemkamata hata kwenye hotspoti ya simu. Pasiwaya, ulipokuwa kwenye hotspoti laptopu ilikuwa inapata ngapi?

#16 Pasiwaya
Hotspoti ya simu kwa laptopu nilikuwa napata 50 na kitu. Hotspoti nimeiweka kwenye 5 GHz. APN nimeangalia, ni tofauti kweli. Nimeandika ile ya simu, nikawasha upya, kwa waya napata 31. Si badiliko la kushangilia.

#17 Mtoa Hoja
28 hadi 31 ni badiliko.

#18 Binti Mawimbi
28 hadi 31 ni upepo. Pima mara mbili mfululizo bila kugusa kitu utaona inacheza zaidi ya hapo.

#19 Nyumba Ndogo ya Data
Mmesahau joto jamani. Nimewahi kuwa na MiFi, jina la kampuni nalihifadhi, nikiiacha kwenye chaja huku inafanya kazi inakuwa ya moto huwezi kuishika. Ikifika hapo kasi inaporomoka, nikiiweka mbele ya feni inarudi. Betri nayo ikaanza kuvimba mpaka mfuniko ukainuka. Lithiamu haipendi vitu viwili kwa pamoja, kujaa mia kwa mia muda wote na joto. Sasa MiFi ya mezani inapewa vyote viwili kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kama kifaa chako kinakubali kufanya kazi bila betri, toa betri ukiwa mezani, tumia chaja tu. Sio vyote vinakubali, jaribu. Na betri iliyovimba usiitoboe wala kuikandamiza irudi ndani. Peleka wanakopokea betri chakavu.

#20 Kimbunga
Hilo la kuvimba nakuunga mkono. Bila utani, nimeshaona.

#21 Safari Nyepesi
Kwa nini hakuna anayejibu swali la pili la mwenye uzi? Kauliza anunue nini, mnampa kozi.

Mimi ni mtu wa safari. Msimamo wangu: MiFi kwa sababu moja tu, nataka simu yangu ibaki simu. Nikifika ugenini naweka laini ya huko kwenye MiFi, laini yangu inabaki kwenye simu, ujumbe wa benki unanifikia. Watu wanahamisha laini yao kuu kwenye MiFi halafu wanalia namba za siri za benki haziji. Zinakuja, ila ziko ndani ya MiFi! Ingia ukurasa wa mipangilio, sehemu ya ujumbe, utazikuta zimejipanga. Kupigiwa ndiyo sahau kabisa.

#22 Pasiwaya
@Safari Nyepesi SUBIRI. Nimeingia sasa hivi. Nina ujumbe 41 humu ndani 😂

#23 Chaji Kamili
Shemeji zetu wote walikuwa wanaongea na kifaa.

#24 Kisanduku
Mimi ni wa modemu ya USB. Haina betri, kwa hiyo hakuna cha kuvimba. Inanyonya umeme wa laptopu, hapo ndipo ubaya wake ulipo, laptopu inaisha mapema. Lakini nikichomeka niko hewani, na hakuna jirani anayeona jina la Wi-Fi yangu. Zipo pia zile zinazotoa Wi-Fi zenyewe, unazichomeka hata kwenye pawabenki.

Tahadhari moja kwa wanunuzi wa vitu vya mkono wa pili. Modemu za zamani ni za 3G peke yake, zimeandikwa 7.2 au 21 Mbps. Ujerumani mitandao ilizima 3G mwaka 2021, Marekani kampuni kubwa zikamaliza 2022, na nchi nyingine ziko njiani. Ukiuziwa hiyo kwa bei ya kutupa, ni ya kutupa kweli.

#25 Mzee wa Antena
Kisanduku umenena. Na kwa 4G usiishie kwenye neno "4G". Soma bendi. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Amerika Kaskazini kinaweza kukosa B20 (bendi ya 800) au B3 (bendi ya 1800) ambazo ndizo zinabeba mzigo Ulaya na kwingineko. Kitashika kibendi kimoja cha pembeni, utalaumu mtandao bure. Angalia pia kama kimefungiwa kampuni moja. Hicho cha kufungiwa huwa cha bei rahisi kuliko vingine vyote na sababu ndiyo hiyo.

#26 Mgeni Juzi
Samahani wakuu, nina swali nje kidogo. Pawabenki ya 10,000 mAh itachaji MiFi ya 3,000 mAh mara tatu na kitu, sawa?

#27 Kikokotoo
Mgeni Juzi, si hivyo. Hiyo 10,000 inahesabiwa kwa volti 3.7 za seli ya ndani, yaani wati-saa 37. Ikitolewa kwa volti 5 za USB inakuwa 7,400 mAh, kabla ya joto kuchukua chake. MiFi nayo ina wati-saa 11 na ushee, na katika kuchaji kuna upotevu mwingine. Tegemea mara mbili na nusu hivi, ukizidisha ni bahati.

Na kuna kero ambayo hamuioni kwenye boksi. Pawabenki nyingi zinajizima zikiona umeme unaotoka ni mdogo. MiFi ikijaa inavuta kidogo sana, pawabenki inadhani umechomoa, inalala. Baada ya saa kadhaa unakuta vyote vimekufa. Tafuta yenye hali ya umeme mdogo.

Kwa wanaopanda ndege: ukomo wa kawaida ni wati-saa 100 kwa pawabenki, sawa na kama 27,000 mAh, na lazima iwe mkononi, si kwenye begi linaloenda chini.

#28 Mgeni Juzi
Shukrani sana.

#29 Kimbunga
Bado nasema hotspoti inatosha. Lalamiko la kukatika akipigiwa ni kwa kuwa simu yake haijawasha VoLTE (kupiga simu kupitia 4G). Bila hiyo simu inashuka 3G au 2G ili kupokea, data inalala. Awashe VoLTE, aunganishe laptopu kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi, simu itakuwa inachaji hukohuko. Kashamaliza matatizo mawili kati ya matatu bila kununua kitu.

#30 Binti Mawimbi
Nani kaingia kwenye akaunti ya Kimbunga? Hii ni pointi ya kweli.

#31 Nyumba Ndogo ya Data
Isipokuwa la tatu, joto, ndiyo umeliongeza. Simu inachaji, inagawa data, inapokea simu, vyote kwa pamoja. Betri ya simu kubadilisha ni shughuli, ya MiFi nyingi unafungua mfuniko tu.

#32 Mama Tableti
Na mbona hamzungumzii tableti yenye laini? Nina ya kwangu, betri kubwa, inagawa intaneti siku nzima haijui kuchoka, na ni skrini ya ziada. Ila mnunue ile yenye sehemu ya laini tangu mwanzo. iPad za Wi-Fi pekee kwa mfano hazina hata GPS, ramani inakisia tu kwa Wi-Fi zilizo karibu. Mwanangu aliichukua akidhani itamwongoza barabarani.

#33 Safari Nyepesi
Hesabu ya data je? Watu wakipata Wi-Fi ya MiFi laptopu inadhani iko nyumbani kwenye intaneti isiyoisha. Windows inashusha masasisho yake kimyakimya, picha zinapanda mawinguni. Iambie hiyo Wi-Fi ni ya kupimiwa (metered), mpangilio upo. Kila 1 Mbps inayotiririka kwa saa nzima ni MB 450. Video ya 5 Mbps ni GB 2 na robo kwa saa. Pasiwaya analilia 65 wakati vikao vyake havifiki hata 4.

#34 Pasiwaya
Silii 65 mkuu, nalia kwa sababu nimenunua kifaa kipya kikashindwa na simu yenye ufa kwenye kioo 😅

Taarifa mpya. Nimepata programu ya kukifungia kifaa kwenye bendi ninayoitaka, MiFi ilikuwa kwenye B20 kama Mzee alivyosema. Nimeilazimisha B3. Mistari imepungua kutoka mitano hadi miwili. Asubuhi kwa waya: 47. Jioni ileile: 12. Nikairudisha B20 jioni: 19. Simu jioni hiyo: 40.

#35 Mzee wa Antena
Mistari miwili, 47. Nipewe maua yangu.

#36 Mtoa Hoja
Na jioni 12 huku simu iko 40? Foleni ni ya watu wote, mbona simu haipangi? Mtandao ukibanwa unaweza kuanza kuwapunguzia kasi wenye vifurushi vya daraja la chini na vifaa visivyo simu.

#37 Mzee wa Antena
Simu inachota B20 na B3 kwa pamoja, nimeshasema. 12 na 19 ukijumlisha ni 31, bado antena za simu ni nne na za MiFi ni mbili.

#38 Mtoa Hoja
31 si 40. Na hizo antena nne umezihesabu wewe?

#39 Kikokotoo
Kujumlisha hivyo pia hakuna msingi, vipimo havikuchukuliwa sekunde moja. Jioni kila dakika ina kasi yake.

#40 Nyumba Ndogo ya Data
MiFi jioni ilikuwa imewaka tangu asubuhi. Ilikuwa ya moto?

#41 Pasiwaya
Ilikuwa vuguvugu 🙄 si ya moto.

#42 Binti Mawimbi
Kabla hatujatoana macho, Pasiwaya tupe SINR ya jioni kwa kila bendi, na namba ya seli (sehemu ya mnara iliyoshikwa) kwenye simu na kwenye MiFi. Simu nyingi zinaonyesha kwenye menyu ya majaribio au kwa programu ya kupima mawimbi. Inawezekana kabisa simu na MiFi zimeshika minara miwili tofauti, na hoja zote tatu hapo juu zikawa hewa.

#43 Kimbunga
Na ubadilishe nywila ya ukurasa wa mipangilio kabla hujaweka picha. Najua bado ni ileile ya kiwandani, admin.

#44 Pasiwaya
Umejuaje?